Kupimwa Usikivu na Mlio wa Masikioni: Mambo ya Kujua Kabla ya Kulipia Kifaa

Usikivu hupungua polepole, na aghalabu bila maumivu. Mara nyingi wa kwanza kutambua si mwenye masikio bali ni watu wa nyumbani kwake: wanamwita mara tatu ndipo ageuke, redio yake inasikika hadi kwa jirani, na kila mazungumzo hukatizwa na swali la "umesemaje?" Wapo pia wanaosumbuliwa na mlio, mvumo au mluzi ndani ya masikio, ambao hakuna mtu mwingine anayeusikia. Hali hizi mbili mara nyingi hukaa pamoja, na zote mbili huanza kushughulikiwa kwa njia moja, nayo ni kupimwa.

Katika Ripoti ya Dunia kuhusu Usikivu ya mwaka 2021, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu zaidi ya milioni 430 wana upungufu wa usikivu unaohitaji huduma, na kwamba ifikapo mwaka 2050 idadi hiyo itapita milioni 700. Palipo na wahitaji wengi, soko nalo hukua. Leo vifaa vya kukuza sauti huuzwa madukani, mitaani na mitandaoni, mara nyingine kwa mnunuzi ambaye hakuna aliyepata kumchungulia sikio. Kifaa hicho huweza kuwa hafifu mno kisimsaidie, au kuwa na nguvu kupita kiasi kikamwongezea madhara. Baya zaidi, huweza kuficha ugonjwa uliohitaji tiba.

Katika sura hii tunaeleza jinsi wataalamu wanavyopima usikivu na mlio wa masikioni, ili msomaji aweze kutofautisha huduma kamili na huduma nusu. Rai yetu ni moja: usilipie kifaa cha kusaidia kusikia kabla hujapimwa kikamilifu na kukabidhiwa chati ya matokeo yako.

Nani hupima nini

Katika zahanati au kituo cha afya, mganga anaweza kuchungulia sikio, kutambua nta iliyoziba au usaha, na kutoa rufaa. Daktari bingwa wa masikio, pua na koo hutafuta ugonjwa na kuutibu kwa dawa au upasuaji. Mtaalamu wa usikivu hupima kiasi na aina ya upungufu, na hurekebisha kifaa kiendane na masikio ya mhusika. Wataalamu hawa ni wachache na wengi wao wako katika hospitali kubwa. Kwa Tanzania, Hospitali ya Taifa Muhimbili hutoa huduma hizi, na ndiko upandikizaji wa vifaa vya usikivu ndani ya sikio ulikoanza mwaka 2017.

Muuzaji wa vifaa naye huweza kutangaza "kupimwa bure". Huduma hiyo si mbaya kwa yenyewe, lakini msomaji aulize: anayepima ana sifa gani, amesajiliwa na baraza la taaluma yake, na je, yuko tayari kusema "huhitaji kifaa" endapo hakihitajiki?

Mazungumzo na kuchungulia sikio

Kipimo kizuri huanza kwa maswali. Mtaalamu atataka kujua tatizo lilianza lini, kama lilikuja ghafla au polepole, kama ni la sikio moja au yote mawili, na kama kuna kizunguzungu, maumivu au usaha. Atauliza kuhusu kelele za kazini na kuhusu ndugu wenye uziwi. Atauliza pia kuhusu dawa, kwa kuwa baadhi yake hudhuru sikio la ndani: jentamaisini, streptomaisini, na sisplatini inayotumika kutibu saratani. Kwinini na aspirini kwa dozi kubwa huweza kuleta mlio. Wengi waliowahi kutibiwa malaria kwa kwinini wanakumbuka jinsi masikio yalivyovuma, na kwa kawaida mvumo huo huisha dawa inapokoma. Tunashauri uende na pakiti au majina ya dawa zote unazotumia. Hata hivyo, usiache dawa uliyoandikiwa kabla ya kuzungumza na daktari wako.

Baada ya maswali, sikio huchunguliwa kwa kifaa chenye taa na lenzi. Nta iliyojaa na kuziba njia ya sikio yatosha kupunguza usikivu na kuleta mlio, na mtu huweza kupona kwa kusafishwa tu. Ndiyo maana kupima usikivu bila kuchungulia sikio kwanza ni kuruka hatua. Usijaribu kuitoa nta kwa pamba, njiti ya kiberiti au ufunguo, kwani huisukuma ndani zaidi na huweza kutoboa ngoma ya sikio.

Katika hatua hii daktari huweza kutumia uma wa chuma wenye meno mawili, unaotetemeka mara 512 kwa sekunde. Huugonga, kisha huuweka katikati ya paji la uso au utosini na kuuliza sauti inasikika upande gani. Sauti ikielemea sikio linalolalamikiwa, huenda njia ya kupitisha sauti imeziba. Ikielemea sikio zima, huenda kasoro iko katika sikio la ndani au neva. Huu ni mwongozo wa haraka, na haufai kushika nafasi ya vipimo vinavyofuata.

Kipimo cha toni: sauti ndogo kuliko zote unayoisikia

Hiki ndicho kipimo cha msingi. Hufanyika katika chumba kilichozuiliwa kelele, kwa sababu sauti ya feni au ya magari barabarani huweza kufunika toni hafifu na kumfanya mwenye masikio mazima aonekane ana upungufu. Utavishwa visikilizi na kupewa kitufe. Kila usikiapo toni, hata iwe hafifu kama ya kudhania, utabonyeza. Hakuna kufaulu wala kufeli, na kubahatisha hukudhuru wewe mwenyewe.

Mtaalamu kwa kawaida huanza na sikio unalosema ni zima zaidi, kwa toni ya mitetemo 1000 kwa sekunde, yaani hezi 1000. Ukiisikia, huishusha kwa desibeli 10, na hushusha tena hadi usiisikie. Kisha huipandisha kwa desibeli 5 hadi uisikie. Hurudia hivyo mpaka apate kiwango cha chini kabisa unachokisikia walau nusu ya mara anazokijaribu. Hicho huitwa kizingiti chako kwa toni hiyo. Hatua hizo hurudiwa kwa toni nzito na nyembamba, kwa kawaida kuanzia hezi 250 hadi 8000, na kwa kila sikio peke yake.

Iwapo sikio moja ni zima kuliko jingine, toni kali inayopelekwa kwenye sikio bovu huweza kuvuka kupitia fuvu na kusikiwa na lile zima. Ili kuzuia kosa hilo, mtaalamu hulishughulisha sikio zima kwa kelele ya mvumo, mfano wa mvua ya mbali, huku akilipima lile jingine. Usishangae ukiisikia, endelea kuitikia toni tu.

Baada ya hapo hupimwa kwa njia ya mfupa. Kifaa kidogo kinachotetemeka hubanwa kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio, na sauti hufika sikio la ndani bila kupita kwenye tundu la sikio wala ngoma. Ulinganisho wa vipimo hivi viwili una thamani kubwa. Ikiwa unasikia vibaya kwa njia ya hewa lakini vizuri kwa njia ya mfupa, kizuizi kiko nje au katikati ya sikio: nta, ngoma iliyotoboka, majimaji, au vifupa vidogo visivyotikisika sawasawa. Hali nyingi za namna hiyo hutibika. Ikiwa unasikia vibaya kwa njia zote mbili kwa kiasi kilekile, kasoro iko katika sikio la ndani au katika neva ya usikivu. Anayekuuzia kifaa bila kukupima kwa njia ya mfupa hajui kama ulichohitaji ni kifaa au ni tiba.

Jinsi ya kuisoma chati yako

Matokeo huchorwa kwenye chati iitwayo odiogramu. Toni nzito ziko kushoto na nyembamba ziko kulia. Sauti hafifu ziko juu na kali ziko chini. Alama ya duara, kwa kawaida nyekundu, ni ya sikio la kulia. Alama ya X, kwa kawaida ya buluu, ni ya sikio la kushoto. Kadiri alama zinavyoshuka, ndivyo sauti inavyohitaji kuwa kali zaidi ili usikie. Sifuri katika chati haina maana ya ukimya; ni kiwango ambacho kijana mwenye masikio mazima huanza kusikia.

Kwa mujibu wa viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2021, wastani ulio chini ya desibeli 20 ni usikivu wa kawaida. Kuanzia 20 hadi chini ya 35 ni upungufu mdogo. 35 hadi chini ya 50 ni wa kati. 50 hadi chini ya 65 ni wa kati unaoelekea kuwa mkubwa. 65 hadi chini ya 80 ni mkubwa. 80 hadi chini ya 95 ni mkubwa sana. Na kuanzia 95 ni uziwi kamili.

Umbo la mstari nalo lina maana. Kwa wazee, mstari kwa kawaida hutelemka kuelekea kulia, yaani toni nyembamba hupotea kwanza. Konsonanti kama f, s na sh zimo katika toni hizo. Ndiyo sababu mzee huweza kusikia mwisho wa neno, "-ika", asijue kama limesemwa fika, shika, pika au zika. Anaposema "nasikia sauti lakini sielewi maneno", hafanyi ukaidi wala hakosi umakini. Chati yake imeeleza jambo hilohilo.

Kipimo cha maneno

Toni pekee hazitoshi, kwa kuwa maisha yamejaa maneno. Katika kipimo hiki utasikilizishwa maneno kwa ukali mbalimbali na kuombwa uyarudie, na mtaalamu atahesabu asilimia uliyoipata. Matokeo humwonyesha kama sauti ikikuzwa utaelewa vizuri, au kama tatizo si ukali wa sauti bali ni kutoeleweka kwake. Alama zikiwa duni kuliko ilivyotarajiwa kwa chati ya toni, uchunguzi zaidi wa neva huhitajika.

Uliza maneno hayo ni ya lugha gani. Mtu asiyejua Kiingereza akipimwa kwa maneno ya Kiingereza, alama zake zitapungua kwa sababu ya lugha wala si ya masikio. Unayo haki ya kusema: "Naomba nipimwe kwa lugha ninayoielewa."

Vipimo visivyohitaji jibu lako

Vipo vipimo ambavyo mhusika hahitaji kubonyeza wala kusema lolote. Timpanometri hupima mwendo wa ngoma ya sikio: kizibo laini huwekwa kwenye tundu la sikio, shinikizo la hewa hubadilishwa kidogo, na mashine huchora jinsi ngoma inavyoitikia. Mchoro wenye kilele mahali pake ni dalili njema. Mchoro uliolala bapa huweza kuashiria majimaji nyuma ya ngoma, tundu kwenye ngoma, au njia iliyoziba.

Kipimo kingine husikiliza mwangwi wa sikio lenyewe. Mwaka 1978 mwanasayansi Mwingereza David Kemp alichapisha ugunduzi kwamba sikio la ndani lililo zima, likisikilizishwa sauti, hutoa sauti hafifu sana kujibu. Kipaza sauti kidogo huinasa. Mtoto mchanga huweza kupimwa hivyo kwa dakika chache akiwa amelala. Kipimo cha tatu hutumia vibandiko vya kichwani vinavyosoma jinsi neva na shina la ubongo vinavyoitikia sauti. Vyote hivi havina maumivu.

Kwa watoto, muda ni mali. Mwongozo unaofuatwa kimataifa ni kwamba mtoto achunguzwe kabla ya kutimiza mwezi 1, ahakikishwe kabla ya miezi 3, na aanze kusaidiwa kabla ya miezi 6. Mzazi anayeambiwa "subiri, atazungumza tu" asisubiri. Mtoto asiyeshtuka kwa kishindo, asiyegeukia sauti ya mama, au aliyechelewa kutamka maneno apelekwe kupimwa. Wakubwa kidogo hupimwa kwa mchezo: kila asikiapo toni, hutia kibao kwenye ndoo.

Mlio wa masikioni hupimwaje

Kwa watu walio wengi, mlio huu hauonekani kwa mashine yoyote wala hausikiwi na daktari. Ushahidi ni neno la anayeusikia, na mtaalamu mwema hulichukua neno hilo kwa uzito. Wapo wanaouficha kwa kuogopa kudhaniwa wamepagawa au wamerukwa na akili. Tunasema wazi: mlio ni dalili inayofahamika katika tiba, na mara nyingi huandamana na upungufu wa usikivu ambao mwenyewe hajautambua. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni vipimo vyote tulivyovieleza.

Kisha mtaalamu hutafuta mfano wa mlio wako. Hukusikilizisha toni mbalimbali mpaka useme, "Huo ndio." Halafu hurekebisha ukali hadi ulingane na unaousikia. Huweza pia kupima ni mvumo wa kiasi gani unaotosha kuufunika mlio huo, na kama mlio hupungua kwa muda mfupi baada ya mvumo kuzimwa. Mara nyingi mlio huonekana kuzidi kizingiti cha kusikia kwa desibeli chache tu, ilhali mwenyewe hapati usingizi. Hilo halimaanishi kwamba anatia chumvi. Ukali wa mlio na uzito wa mateso yake ni mambo mawili tofauti.

Kwa sababu hiyo mateso hupimwa kwa maswali. Dodoso moja linalotumika sana, lililochapishwa mwaka 1996, lina maswali 25 kuhusu usingizi, umakini, hasira, huzuni na uhusiano na watu. Jibu la ndiyo hupewa alama 4, wakati mwingine alama 2, na hapana 0, hivyo jumla ni kati ya 0 na 100. Jibu kwa unyofu. Dodoso likirudiwa baada ya miezi kadhaa, huonyesha kama huduma unayopata inasaidia.

Mpaka sasa hakuna kidonge wala matone yaliyothibitishwa kuondoa mlio wa kudumu. Kinachosaidia wengi ni kutibu chanzo kikipatikana, kutumia kifaa cha kusikia panapo upungufu, na ushauri nasaha wa kitaalamu unaomfundisha mtu kuishi bila kutawaliwa na mlio. Anayekuahidi kuufuta kwa chupa moja anakuuzia ahadi.

Usisubiri miadi

Nenda hospitali mara moja ukipoteza usikivu ghafla, ndani ya siku 3 au pungufu, hata kama ni wa sikio moja. Tiba ya hali hii ina manufaa zaidi ikianza mapema, hasa ndani ya wiki 2 za kwanza, na wengi huzipoteza siku hizo wakidhani ni nta au mafua. Muone daktari bila kuchelewa pia ukiwa na mlio wa sikio moja pekee, mlio unaokwenda sambamba na mapigo ya moyo, kizunguzungu kikali, kulegea kwa uso, au usaha wenye harufu. Sikio moja likiwa na upungufu usioelezeka kuliko jingine, daktari huweza kuagiza picha ya kichwa ili kuhakikisha hakuna uvimbe kwenye neva.

Kwa wanaofanya kazi penye kelele

Wafanyakazi wa migodini, viwandani, kwenye mashine za kusaga, karakana na kumbi za muziki wako hatarini. Kelele ya desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku, ikiendelea kwa miaka, huharibu usikivu. Katika chati, alama yake ni bonde karibu na hezi 4000. Ukienda kupimwa, kaa mbali na kelele walau saa 16 kabla, ili uchovu wa muda wa masikio usihesabiwe kuwa ni ulemavu.

Omba kupimwa unapoanza kazi, na uitunze chati hiyo. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 inahusu pia magonjwa yanayotokana na kazi, na mfanyakazi asiye na chati ya mwanzo hupata taabu kuonyesha kwamba aliingia kazini akiwa na masikio mazima.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

1. Je, sikio langu limechunguliwa, na nta imeondolewa kabla ya kipimo?
2. Je, nimepimwa kwa njia ya hewa na ya mfupa, katika chumba tulivu?
3. Je, nimepimwa kwa maneno ya lugha ninayoielewa?
4. Je, upungufu wangu unatibika kwa dawa au upasuaji?
5. Je, naweza kupewa nakala ya chati yangu? Ni yako, waweza kuipeleka kwa mtaalamu mwingine yeyote.
6. Kifaa kitarekebishwa kwa kufuata chati ya kila sikio, na utendaji wake utahakikiwa kikiwa sikioni?
7. Kipo kipindi cha majaribio? Kikinishinda, nitarudishiwa kiasi gani?
8. Bei inajumuisha nini: kipimo, kifaa, kipachiko cha sikio, betri, marekebisho na matengenezo?

Dai majibu ya swali la 7 na la 8 kwa maandishi, pamoja na risiti na hati ya dhamana. Ikiwa muuzaji anakuharakisha kwa bei ya "leo tu", ondoka na chati yako. Upungufu uliojengeka kwa miaka hautaharibika kwa kusubiri wiki moja ya kufikiri. Unaopaswa kukimbiliwa ni ule uliokuja ghafla, na huo mahali pake ni hospitalini, si dukani.